Gari Lenye Saa ya Kiswahili

Kiswahili hakina uhaba wa maneno ya kukitajia kitu kilichokwisha kupita mikononi mwa mtu mwingine. Tuna kuukuu, tuna chakavu, tuna kilichotumika, na tuna mtumba, neno ambalo zamani lilikuwa mzigo wa mpagazi uliofungwa ukafungika, kisha likawa robota la nguo za Ulaya, na sasa limepanda cheo hata linabeba friji na magari. Jirani zetu Waganda nao husema mivumba. Maneno haya hayalingani uzito. Kuukuu ni kitu kilichozeeka tukikiona. Chakavu ni kile kilichokaribia kutupwa. Bali mtumba ni kitu ambacho ujana wake umepita mbali, machoni pa watu tusiowajua, nasi tukakipokea kana kwamba kimezaliwa siku kiliposhushwa bandarini. Ndugu wasomaji watuwie radhi kwa kuanza na msamiati, maana ndiyo ada ya kazi yetu. Lakini na habari yenyewe ni ya msamiati kwa sehemu kubwa, ingawa tulipoingia katika biashara hii hatukujua hivyo. Mwezi wa Februari mwaka huu tulinunua gari la mtumba, la kwanza katika umri wetu wa miaka 46.

Haja ilituzidi nguvu. Tunafundisha mashariki ya Uganda, chini ya Mlima Elgon ambao Wagisu wanauita Masaba. Mtaala mpya wa sekondari ulioanza mwaka 2020 ulikifanya Kiswahili kuwa somo la lazima katika miaka miwili ya kwanza, na mwezi wa Julai mwaka 2022 Baraza la Mawaziri likakubali Kiswahili kiwe lugha rasmi na kifundishwe kwa lazima katika shule za msingi na za sekondari. Tulifurahi, na bado tunafurahi. Ila walimu wa somo hili hawakuongezeka kwa kasi ya maazimio, na sisi tulio wachache tukagawanywa kama mkate wa wageni. Shule zetu ni mbili, kilomita 19 kati yake, na njia ni ya udongo mwekundu ambao wakati wa masika hugeuka sabuni. Kwa miaka sita tulikuwa tukibebwa na bodaboda, neno ambalo walimu wenzetu wa Busia hujivunia kuwa lilizaliwa kwao, pale baiskeli zilipokuwa zikivusha watu kutoka mpaka hadi mpaka. Tumefundisha ngeli tukiwa tumelowa hadi magotini mara nyingi kuliko tunavyotaka kukumbuka.

Fedha tulizipata hivi: shilingi milioni 4 na nusu zilikuwa akiba ya miaka minane, na milioni 8 tulikopa katika chama chetu cha akiba na mikopo, tulipe kwa miezi 36. Kwa jumla hiyo ya milioni 12 na nusu tulipata Toyota Raum iliyoundwa mwaka 2004, yenye injini ya sentimita za ujazo 1,500 kasoro kidogo, na kilomita 148,000 zilizohesabiwa. Kabla yetu lilikuwa na wenyewe wawili humu nchini. Gari la umri huo haliwezi tena kuingizwa Uganda, kwa kuwa sheria iliyorekebishwa mwaka 2018 inazuia magari yenye miaka 15 au zaidi tangu kuundwa. Hili letu lilipita Mombasa na Malaba mapema, mwaka 2012, na likishapita limepita. Mwenzetu wa nyumbani, ambaye kwa tabia hununua hata nyanya kwa kuzinusa, alilizunguka mara tatu, akafungua milango yote, kisha akasema neno moja tu: “Lina nafasi.” Hakujua kwamba alikuwa akilitafsiri jina lake. Raum ni neno la Kijerumani, na maana yake ni hiyo hiyo, nafasi.

Ukiketi ndani ya gari na kuanza kutaja vilivyomo, unajikuta umeketi katika bandari. Gari lenyewe ni neno la Kihindi, na bima tuliyoikatia imefuata njia hiyo hiyo. Breki, gia, boneti, betri, tairi, na dereva mwenyewe, ni Kiingereza kilichokatwa na kushonwa upya kwa kipimo chetu. Lakini usukani ni Kiarabu, na kabla ya kuwa wa gari ulikuwa wa chombo cha baharini, ule ubao wa nyuma unaoelekeza jahazi. Basi mwalimu wa Mbale asiyejua kuogelea anashika kila asubuhi kitu chenye jina la baharini, akielekea kufundisha watoto ambao wengi wao hawajaiona bahari. La Kibantu lililo muhimu kuliko yote ni kuendesha, yaani kukifanya kitu kiende; na katika wiki ya kwanza tulielewa kwa nini kitenzi hiki kinahitaji kiambishi cha kusababisha. Gari haliendi kwa hiari. Lazima mtu awe sababu, kwa petroli ambayo wakati tuliponunua gari hili ilikuwa ikikaribia shilingi 5,000 kwa lita.

Jambo jingine tulilolifundisha miaka mingi bila kulionja ni kuwa na. Wanafunzi wetu, ambao wamezoea kitenzi cha Kiingereza cha kumiliki, huona taabu kukubali kwamba Mswahili kwa maneno ya kila siku hasemi anakishika kitu bali husema yuko pamoja nacho. Nina kitabu: mimi na kitabu. Kitenzi kumiliki kipo, bali ni cha hati na mahakama. Sasa tunasema tuna gari, na kweli tuko nalo pamoja, katika afya na katika maradhi. Likikohoa usiku tunaamka. Mvua ya mawe ilipopiga mwezi wa Machi tulitoka na blanketi la kitanda tukalifunika, na jirani waliotuona hawakucheka, maana nao wana ng’ombe.

Katika gereji tulikutana na suala ambalo katika kila mkutano wa chama chetu huleta ubishi. Fundi wetu ni kijana hodari aliyejifunza kazi Eldoret, na Kiswahili chake ni cha huko bara, chepesi na chenye haraka. “Mwalimu,” alituambia siku ya kwanza akiwa ameingiza kichwa chini ya boneti, “gari yako iko sawa, lakini bushi zake za mbele zimekwisha.” Darasani tunakata kwa wino mwekundu: gari lako liko sawa. Hapa mwenye kujua ni yeye, na anayeuliza ni sisi. Tulimsikiliza kwa majuma kadhaa, tukaona kwamba hatumii hovyo. Gari moja daima ni ya i-, na yakiwa mengi ni magari ya ya-, wala hakuchanganya hata alipokuwa na hasira. Mtu mwenye utaratibu kiasi hicho hastahili kuitwa mkosaji; ana sarufi, ila si ile iliyomo katika mtihani. Tuna dhana, nayo ni dhana tu, kwamba i- hiyo ni kivuli cha motokaa, jina ambalo wazee walilitumia kabla ya gari kulimeza: motokaa yangu, motokaa imeharibika. Jina lilikufa likaacha upatanisho wake, kama marehemu anavyoacha koti. Tunawaachia wenzetu wenye nafasi ya utafiti. Sisi tunaendelea kufundisha gari langu, maana ndilo linalopimwa, lakini kalamu nyekundu tunaiacha nje ya gereji.

Tulisema gari hili lilizaliwa mbali. Katikati ya dashibodi kuna kioo cha ramani ambacho maandishi yake yote ni ya Kijapani. Ramani iliyomo ni ya Japani peke yake, hivyo huku kwetu kinaonyesha uwanda mtupu wa rangi moja, na mshale mdogo unaotuwakilisha ukisafiri mahali pasipo njia wala mto. Pembeni ya uwanda huo kuna saa. Siku ya kwanza ya kwenda kazini tulitoka nyumbani saa moja kamili asubuhi. Tukawasha gari. Saa ya gari ikaandika 1:00.

Tulizima, tukawasha tena. 1:01. Tulipofika shule ya kwanza saa yetu ya mkononi, ambayo tumeizoesha Kiingereza kwa ajili ya ratiba za shule, ilikuwa saba na nusu kasoro dakika chache, na ile ya gari ilikuwa moja na nusu kasoro dakika hizo hizo. Ndugu wasomaji mnaofundisha somo la saa mnafahamu jinsi linavyotutoa jasho. Tumechora nyuso za saa ubaoni kwa miaka 20, tumewaambia watoto waongeze sita au wapunguze sita, na bado katika mtihani wanaamka saa kumi na mbili za usiku na kula chakula cha mchana saa moja. Leo tulikuwa na saa inayosema Kiswahili fasaha bila kufundishwa na mtu.

Sababu yake si muujiza. Saa hiyo haijirekebishi kwa mkono. Inapokea wakati kutoka kwa setilaiti, kisha inauongezea tofauti ya Japani, popote pale ilipo. Wakati wa Japani umetangulia wa Afrika Mashariki kwa saa sita. Nasi Waswahili, tunaoanza kuhesabu tangu jua linapochomoza na si tangu usiku wa manane, tumepishana na saa ya kizungu kwa sita zile zile. Asubuhi kwetu saa ya kizungu ikiwa saba, Tokyo ni saa saba ya mchana, yaani moja kwa hesabu yao ya nusu siku. Na kwetu pia ni moja. Wao wanakula chakula cha mchana, sisi tunapanga mstari wa kuimba wimbo wa taifa, na tarakimu ni ile ile. Hatukumweleza mtu kwa siku mbili, kama mtu aliyeokota fedha njiani. Siku ya tatu tuliliegesha gari mbele ya darasa la pili la sekondari, tukawatoa watoto wanne wanne kuja kusoma saa. Hatukusema ongeza wala punguza. Mmoja aliyekuwa akishindwa tangu mwaka jana alisoma kwa sauti, “Saa tatu na robo,” akatazama jua, akatazama tena kioo, na hajakosea tangu hapo. Ala! Gharama ya kifaa hicho cha kufundishia ni shilingi milioni 12 na nusu, kwa hiyo hatukipendekezi kwa Wizara.

Kisha kuna sauti. Kila tuwashapo injini, kabla gari halijatulia, mwanamke husema sentensi moja kwa upole sana, ile ile daima. Wenye magari ya Japani wanaifahamu, na wengi wameikata nyaya. Sisi tuliisikiliza kama wanafunzi wetu wanavyotusikiliza siku ya kwanza, bila kushika chochote ila mahadhi. Lakini sikio la Mswahili halipati taabu sana kwa lugha ile. Irabu zake ni tano kama zetu, na silabi zake nyingi huishia kwa irabu kama zetu. Kufikia juma la pili tulikuwa tumeiandika yote katika daftari kwa herufi zetu: kaado ga soonyuu sarete imaseni. Tuliipeleka kwa mwalimu mmoja wa kujitolea kutoka Japani aliyekuwa akifundisha wilaya ya jirani. Aliisoma, akacheka hadi akafuta machozi, kisha akatueleza: kadi haijaingizwa. Huko kwao, tangu mwaka 2001, magari hulipia barabara kuu kwa kadi inayosomwa na mtambo bila gari kusimama. Gari letu lilikuwa likitudai kadi ya barabara kila asubuhi. Uganda nayo ina barabara ya kulipia, ile ya Kampala hadi Entebbe iliyoanza kutoza mwaka 2022, ila haipiti karibu na Mlima Elgon.

Tulimwomba atufafanulie sentensi neno kwa neno, naye alitufanyia hisani hiyo kwa saa nzima. Kumbe kitenzi ni cha kutendwa, kama chetu, kadi ikiingizwa na mtu asiyetajwa. Lakini ukanushi wao uko mwishoni kabisa. Sisi husema ha-, na msikilizaji anajua tangu mlangoni kwamba jibu ni hapana. Wao humkaribisha, humketisha, humpa chai, na hapana inakuja wakati wa kuaga. Tumeongoza madarasa miaka 20 tukiwa upande wa wanaojua. Kukaa majuma mawili upande wa pili, tukirudia sauti tusizozielewa kwa matumaini kwamba siku moja zitafunguka, kumetubadilishia subira yetu kwa watoto wa nyuma ya darasa zaidi ya semina zote tulizohudhuria.

Redio tusiitaje sana. Iliundwa kwa masafa ya Japani, na yanaishia megahezi 90. Zetu nyingi ziko juu ya hapo. Vituo vichache tunavyopata tumeanza kuvipenda kwa lazima.

Sasa tuje kwa watu. Kijana wa bodaboda aliyetubeba miaka sita alikuwa akipata kwetu shilingi 6,000 kwa siku, na tulimwendea kabla hajaliona gari. “Hongera, Mwalimu,” alisema, “mvua sasa itakukosa.” Hakusema zaidi, na sisi tulijua hesabu kama yeye. Bado anatubeba Ijumaa, siku tunayokwenda shule moja tu, na ni yeye aliyetuonyesha mashimo yote ya njia ile, lipi la kulizunguka na lipi la kulikabili. Jirani wengine waliacha kusema gari lenu katika juma la tatu. Sasa ni gari letu. Chama cha kuzikana kiliandika jina letu katika orodha ya usafiri bila kutuuliza, na katika kikao mwenyekiti alisoma, “Gari la mwalimu, watu watano na sufuria.” Mwenzetu wa nyumbani alinung’unika kwa ajili ya petroli, naye ndiye anayepika katika sufuria hizo. Kiingereza kina sisi moja tu, na Kigisu na Luganda hali kadhalika, na Kiswahili pia. Hatuna njia ya kujua kwa neno letu peke yake ni wangapi waliomo ndani ya gari.

Katikati ya mwezi wa Aprili, saa nane za usiku, bibi wa nyumba ya pili aligonga dirisha. Mume wake ni mzee wa miaka 80, aliyekuwa mtumishi wa Shirika la Reli la Afrika Mashariki katika stesheni ya Tororo hadi Jumuiya ya zamani ilipovunjika mwaka 1977. Kiswahili chake alikipata relini, na sisi tukiwa watoto tulikisikia kwake kwa mara ya kwanza, kikitoka kinywani mwa mtu mwenye kofia na filimbi. Usiku ule alikuwa hapati pumzi. Tulimkuta ameketi ukingoni mwa kitanda, mikono juu ya magoti, akivuta hewa kama mtu anayevuta kamba ya kisima.

Hapo ndipo tulipolielewa umbo la gari. Upande wa kushoto hauna nguzo katikati. Mlango wa mbele ukifunguliwa na wa nyuma ukisukumwa, ubavu wote unakuwa wazi. Wanaume watatu tulimwingiza akiwa ameketi juu ya godoro lililokunjwa, bila kumpinda. Bibi akaingia nyuma. Tukawasha, na yule mwanamke wa gari akasema maneno yake kwa upole wake.

“Nani huyo?” mzee aliuliza.

“Ni gari, Mzee.”

“Anataka nini?”

“Anadai kadi. Ya kulipia njia.”

Mzee alinyamaza, akakusanya pumzi kwa sentensi nzima. “Mwambie mimi ni mtumishi wa reli. Nasafiri bure.”

Hospitali iko kilomita 11, na tulitumia dakika 25, maana njia ya usiku haina haraka. Saa ya gari ilikuwa 8:50 tulipokata kona ya mjini, na tulikuwa tumeacha kuitazama kwa mapenzi. Bibi alikuwa akimhesabia pumzi kwa sauti ndogo kwa Kigisu, moja baada ya moja, na kila alipofika kumi alianza upya. Walimpa hewa ya mtungi kabla ya kumwandika jina. Moyo wake ulikuwa umechoka, daktari alisema, na mapafu yamejaa maji. Alilala huko siku tisa, akarudi, na sasa anatembea hadi kwenye mwembe na kurudi, kwa mkongojo. Kila baada ya majuma mawili tunampeleka kliniki. Gari letu yeye analiita motokaa, kwa kuwa gari kwake ni la moshi. Kila safari anatupa shilingi 2,000 zilizokunjwa na kusema ni tiketi, kwa sababu kusafiri bure, asema, kulikuwa kwa usiku ule tu. Tulizikataa mara mbili, tukaona tunamvunjia heshima, tukaacha.

Miezi 31 imebaki katika mkopo. Bushi za mbele bado zinalia, na fundi ametuambia bila kuficha kwamba zikiachwa zitakula tairi. Zinagharimu shilingi 240,000 pamoja na kazi yake. Anaye mteja anayekusanya vioo vya ramani vya Kijapani, tayari kumlipa 200,000 kwa kile chetu na kile kisanduku cha kadi chenye sauti, na mahali pake tutatiwa redio ya kawaida inayoshika vituo vyote vya nchi na kuonyesha saa kwa Kiingereza. Mwenzetu wa nyumbani anasema bushi haziwezi kungoja saa. Darasa la kwanza la sekondari litaanza somo la saa muhula ujao, na mzee naye ameuliza mara mbili kama yule mwanamke hajambo. Fundi anataka jibu Jumamosi.